Niliulizwa ya Zamani Iko Wapi

Muuzaji hakuniuliza naendesha gari gani. Alikuwa nyuma ya kaunta, kalamu ameichomeka nyuma ya sikio, na kabla sijamaliza salamu akanitupia swali: "Madam, ile ya zamani umekuja nayo?"

Nikamwambia iko kwenye buti.

"Afadhali. Hapo sasa tunaweza kuongea bei."

Duka lenyewe liko kwenye ile mitaa ya katikati ya Nakuru ambapo wauza matairi, wauza vipuri na wauza betri wamebanana, mahali ambapo ukifungua boneti kwa bahati mbaya unajikuta umezungukwa na mafundi ambao hukuwaita. Kijana wa duka akatoka nje, akafungua buti, akainua betri yangu kidogo kwa mkono mmoja, akairudisha chini. Hakusoma jina la kampuni. Hakutafuta tarehe. Alikuwa anapima uzito tu. Akamtazama bosi wake, akatikisa kichwa kwamba iko sawa.

Iko sawa vipi, nami nimeileta kwa sababu haiko sawa?

Swali hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Nimenunua vitu vingi katika mji huu (haya, jiji, tangu Desemba 2021 tunatakiwa kusema jiji) na sijawahi kuona mwenye duka anayekitamani kilichokufa kiasi kile. Muuza viatu hajali vile vilivyotoboka umeviacha wapi. Muuza friji atakubebea mpya mpaka sebuleni, na ile mbovu mtajuana wenyewe. Muuza betri ndiye wa kwanza kunifanya nihisi kwamba mteja hapa ni yeye.

## Lakini ilikuwa imekufa kweli?

Gari likigoma asubuhi, kila mtu ana jibu. Jirani yangu wa plot alisema betri imeisha, ninunue. Askari wa lango alisema ni baridi ya Nakuru. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kuendesha hata toroli, alisema gari limerogwa. Vitz yangu yenyewe haikuwa na msimamo: siku moja inashika mara moja, siku nyingine inatoa ule mlio wa tk-tk-tk na taa za dashibodi zinafifia kama mshumaa.

Sikuwa tayari kutoa karibu elfu kumi kwa sababu ya maoni. Nikaazima kipima volti.

Betri ya gari ndogo ina vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti mbili na kidogo. Vikiwa vimejaa na gari limelala usiku kucha bila kuguswa, jumla inasoma kama 12.6. Ukisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Ukishuka mpaka 12.0, unaanza kutafuta nyaya za kujampia. Yangu ilisoma 12.3, jibu ambalo halikunisaidia chochote. Haikuwa mzima, haikuwa maiti.

Fundi akaichukua, akaichaji usiku mzima. Asubuhi ikasoma 12.6. Nikafurahi, nikaanza hata kupanga ile pesa niitumie kwa lipi.

Hapo ndipo fundi aliponiharibia siku. "Madam, hiyo namba ni ya betri imekaa bure. Kaa kwenye stiaringi, upige stata, mimi niangalie."

Nikapiga. Namba ikaporomoka mpaka nane na pointi kadhaa, gari likaguna, likakata.

Betri nzima ikibeba mzigo wa stata inatakiwa isishuke chini ya 9.6 hivi. Yangu ilikuwa inaonyesha afya ikiwa imelala, ikitumwa kazi inaanguka. Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapoliwa, pande zote mbili: yule anayeuziwa betri mpya wakati hitilafu ni ya nyaya zilizolegea au kutu nyeupe kwenye vichwa vya betri, pale nyaya zinaposhika, na yule anayeambiwa betri yake ni nzima kwa sababu mtu ameichaji saa chache akamwonyesha 12.6.

Tukapima na mengine. Gari likiwa limewaka, oltaneta, ile inayochaji betri, ilikuwa inasukuma volti 14.2, kwa hiyo yenyewe haikuwa na hatia. Halafu fundi akapima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na milango imefungwa. Hiki kipimo hakiombwi na wengi, na mimi ningependa kila mwenye gari lenye kifaa cha kufuatiliwa akiombe. Magari mengi yetu yamepitia mkopo, na mkopo huacha kifaa ndani ya dashibodi hata baada ya deni kuisha. Kikinyonya miliampea 50 tu, kwa siku ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa ndicho kipimo cha umeme uliomo kwenye betri). Betri ya Vitz ina 35 hivi. Liache gari mwezi mmoja uwanjani, utakuta limekauka, na hakuna mtu wa kumlaumu isipokuwa hicho kidude kinachopepesa taa nyekundu gizani.

Langu halikuwa na uvujaji wa maana. Betri ilikuwa imekwisha, basi. Imeuawa na kazi ninayoipa: kutoka Lanet kuingia mjini, foleni, zima, washa, nunua mboga, zima, washa. Stata inachukua kingi kwa mkupuo, oltaneta inarudisha kidogo kidogo, na safari inaisha kabla deni halijalipwa. Bamba za madini ya risasi ndani ya betri isiyojazwa hujifunika ukoko uitwao salfeti, na salfeti ikikaa sana inakuwa ngumu, haiyeyuki tena hata uchaji vipi. Kila mwezi betri inakuwa ndogo kidogo kuliko ilivyoandikwa ubavuni.

Nilitulia baada ya kujua hivyo. Nilikuwa naenda dukani nikiwa na hakika.

## Herufi na baridi ya watu wengine

Wauzaji wa hapa watakuuliza kama unataka saizi ya NS40, NS60 au N70, nawe ukijibu "ya Vitz" wanakuelewa. Lakini juu ya sanduku siku hizi kuna lugha ya Kijapani cha namba: 34B19L. Hiyo 34 ni kiwango cha nguvu, B ni kipimo cha upana na kimo, 19 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho inasema vichwa vimekaa upande gani. Ukiipuuza hiyo ya mwisho, utafika nyumbani na betri nzuri kabisa ambayo waya wa chanya hauifikii. Utauvuta, utaupinda, na siku moja utagusa chuma.

Kuna magari mapya kidogo kutoka Japani, kama Demio zile zinazojizima zenyewe kwenye taa za barabarani, ambayo yanataka betri za aina yake, zinazoanza na Q au M. Hizo ni ghali, na kishawishi cha kuweka ya kawaida ni kikubwa. Itawasha gari, ndiyo. Lakini haikutengenezwa kwa kazi ya kuzimwa na kuwashwa kila dakika, na utarudi dukani mapema.

Namba iliyonichekesha ni ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote: CCA. Muuzaji alinisomea kwa fahari kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kipimo hicho ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri.

Chini ya sifuri. Nakuru.

Hata Timboroa, ambako abiria wa matatu ya Eldoret hufunga dirisha bila kuombwa, hakujawa hivyo. Namba si bure, betri yenye CCA kubwa kwa kawaida ina nguvu ya kutosha kwa stata yetu pia, lakini sioni sababu ya kuongeza elfu mbili kwa ajili ya barafu ya Kanada. Ningeiongeza hiyo pesa kwa waranti ndefu na risiti inayosomeka.

Nikamwomba aipime ile mpya kabla hajaitoa kwenye rafu. Akashangaa. Betri hupoteza chaji polepole hata ikiwa dukani, na iliyokaa miezi mingi bila kuchajiwa imeanza kuzeeka kabla hujailipia. Ya kwanza ilisoma 12.3, namba niliyoifahamu vizuri. Nikaomba nyingine. Ya pili ilisoma 12.6, tarehe yake ya karibu, stika haijakwanguliwa. Nakuambia angalia stika kwa sababu kuna betri zinazooshwa, zinamwagiwa asidi mpya, zinabandikwa karatasi inayong'aa, na zinauzwa kama zimetoka kiwandani juzi. Uzuri wa mkakasi. Iliyooshwa nayo itasoma 12.6 siku ya kuuzwa.

## Bei mbili

Sasa tukafika kwenye kile alichotaka kukizungumza tangu mwanzo.

Bila ya zamani: 9,500. Ukiacha ya zamani: 8,500.

Elfu moja kwa kitu kisichowasha hata redio. Nikamwuliza mbona. Akaniambia, bila kuficha, kwamba ni risasi. Sanduku lile dogo lina uzito wa kilo tisa au kumi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini ya risasi: bamba, viunganishi, vichwa. Risasi haizeeki. Ikiyeyushwa, salfeti ikaondolewa, inarudi kuwa bamba jipya, na tena, na tena. Huenda hiyo niliyokuwa nainunua ilikuwa na risasi iliyowahi kuwasha lori la mtu huko Busia.

Kwa hiyo yule kijana aliyeinua betri yangu kwa mkono mmoja alikuwa anakagua malighafi. Duka halikuwa linanifanyia hisani kunipunguzia. Lilikuwa linanunua.

Nikaanza kulitazama upya lile swali lake la kwanza. Kama ningekuja mikono mitupu, ningekuwa mnunuzi wa kawaida. Nilipokuja na buti zito, tulikuwa wafanyabiashara wawili.

Na mfanyabiashara hutafuta bei.

## Kijana wa mkokoteni

Nilipotoka kwenda gari kuitoa betri, alikuwa ameshafika. Sijui huwa wanajuaje. Mkokoteni wake ulikuwa na mabati, fremu ya baiskeli, kichwa cha cherehani na betri nyingine kadhaa zimelazwa ubavu. "Mathe, mimi nakupa elfu moja na mia nne. Pesa sasa hivi."

Mia nne zaidi. Ni mafuta ya siku moja au mbili kwa safari zangu. Ni maziwa.

Ningempa, nasema kweli, kama nisingetazama chini. Alikuwa ameegesha karibu na mtaro, na betri moja aliyoinunua kabla ya yangu alikuwa ameshaigeuza kichwa chini, vifuniko vimeng'olewa, maji yake yanatiririka kwenye saruji huku yakitoa povu. Anapunguza uzito wa kusukuma. Yeye anauza risasi, asidi haimlipi. Alikuwa na mikono mitupu, ndala miguuni, na kwenye suruali matundu madogo madogo yale ambayo asidi hutoboa bila haraka.

Asidi yenyewe inatisha lakini si ndiyo mbaya zaidi. Inababua, inakausha nyasi, halafu inapungua makali ikikutana na udongo na maji. Tatizo ni kile inachobeba: tope la risasi linalobanduka kwenye bamba na kutulia chini ya vyumba. Hilo haliozi. Litakaa pale mtaroni mpaka mvua ije.

Na mvua ya Nakuru inajulikana inakokwenda. Mji wote umeinama kuelekea ziwani. Mitaro ya juu huteremka, inapita mitaani, inaishia Ziwa Nakuru, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia kimeingia. Tunawalipisha watalii waje waone flamingo, halafu tunawatumia flamingo mabaki ya betri zetu.

Nilisimama na betri mikononi, nzito, nikifikiria mia nne.

## Owino Uhuru

Kila Mkenya anayefuatilia habari anaijua kesi hii, kwa hiyo sitaisimulia yote. Nitasema tu ilivyonijia pale barabarani.

Owino Uhuru ni kijiji cha Mombasa kilichojikuta kimepakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi ulitoka, maji machafu yakatoka, watoto wakaugua. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi kiwandani humo, na mwanawe aliyekuwa ananyonya akapatikana na sumu ya risasi mwilini. Akageuka mpiganaji, akafungwa pingu, akaendelea. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikafuta malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha.

Nilikuwa nikiichukulia kama habari ya viwanda: kuna wao huko, wenye tanuri, na kuna sisi huku tunaosikitika mbele ya runinga. Sikuwahi kujiuliza zile betri zilizoyeyushwa zilitoka kwenye magari ya nani. Zilitoka kwenye Vitz. Zilitoka kwenye Probox za kubeba miraa na matatu za Nakuru kwenda Kericho. Kila moja iliwahi kuwa na mwenyewe aliyeulizwa "ya zamani iko wapi?" akafurahia punguzo.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kwa sababu ubongo wake bado unajengwa. Mimi nina mtoto wa darasa la pili. Kijana wa mkokoteni, kwa umri wake, huenda ana mtoto mchanga nyumbani, na ndiye atakayembeba jioni akiwa na shati lile lile.

Sina ugomvi naye. Watu wa vyuma vikuukuu walishaona cha moto: Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuangushwa, biashara yote ya vyuma chakavu ikapigwa marufuku nchini kwa miezi zaidi ya mitatu, waliohujumu minara na waliokuwa wakiokota mabati wakawekwa kapu moja. Na ukweli ni kwamba bila yeye hiyo betri ingekaa nyuma ya nyumba yangu ikivuja polepole. Anaifanya kazi ambayo hakuna mwingine anayetaka, anaifanya vibaya, na mwili wake wenyewe ndio wa kwanza kulipa.

Nikamwambia hapana, ahsante. Akauliza mbona, nikamwambia nimeshakubaliana na duka. Akaenda zake. Sikumwambia habari za mtaro. Ningesemaje? Amwage wapi?

## Na duka je?

Ningependa kumaliza hadithi hapa, mimi mwema nimerudisha betri kwa njia halali. Lakini nilipokuwa nikivuka barabara kurudi kaunta wazo jingine likanishika koo.

Kile kiwanda cha Mombasa hakikuwa tanuri la kichochoroni. Kilikuwa kiwanda, chenye lango, chenye waajiriwa, na mahakama iliwabebesha lawama pia asasi za serikali zilizopaswa kukisimamia. Kwa hiyo neno "rasmi" pekee halinipi usingizi. Duka lenye risiti laweza kumuuzia mwenye lori, mwenye lori akamuuzia yeyote.

Nikauliza. Nadhani ni mara ya kwanza mteja kumwuliza swali hilo, maana alitoa kalamu sikioni.

"Hizi mnazipeleka wapi?"

"Lori huja. Zinarudi Nairobi, kiwandani."

"Na asidi?"

"Sisi hatumwagi, madam. Njoo uone."

Akanipeleka nyuma. Zilikuwa zimepangwa wima juu ya mbao, vifuniko vyote mahali pake, chini ya paa, sakafu ya saruji kavu. Zilikuwa nyingi kuliko mpya zilizokuwa mbele. Iliyopasuka ilikuwa imewekwa peke yake ndani ya beseni la plastiki. Sikuona kibali ukutani, na sikuuliza kama kipo. Niliona sakafu kavu, na kwa siku ile nikaona inatosha kunifanya niachane na mia nne.

Kuanzia 2022 tuna sheria ya usimamizi endelevu wa taka, na ndani yake kuna kanuni kwamba anayeleta bidhaa sokoni anawajibika mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa betri, tayari kuna pesa inayoisukuma irudi, hiyo elfu moja ya kaunta. Tatizo ni tofauti ya bei. Anayemwaga asidi mtaroni hana gharama ya beseni, paa wala lori lenye vifaa, ndiyo maana anaweza kunipa zaidi. Mia nne aliyoniongezea ilikuwa gharama ya usafi ambayo yeye hakuilipa, nami nilikuwa nagawiwa sehemu yangu.

Nadhani hicho ndicho kilichokuwa kinanikwaruza wiki zote hizi.

## Kufunga, kwa kifupi

Yule kijana akaniwekea. Waya wa hasi kwanza kutoka, mwisho kurudi, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati umeshika chanya utaona fataki. Kabla ya kutoa chochote niliomba aunganishe betri nyingine pembeni ili umeme usikatike kabisa. Wenye magari ya Japani mnajua sababu: redio. Ikikosa umeme dakika moja inajifunga na kuanza kudai namba za siri kwa Kijapani, na ukitaka kuifungua unampigia mtu fulani, unamtumia picha ya skrini na pesa. Kuna watu wanaoishi kwa kazi hiyo tu.

Akakaza kile kibano kinachoizuia betri isicheze. Wengine hukiacha kwa sababu kimeota kutu au kimepotea. Kwa barabara zetu, betri inayorukaruka hubandua bamba zake yenyewe, na hakuna waranti itakayokulipia hilo.

8,500, risiti yenye tarehe na namba ya betri, tukaagana.

## Simu kutoka Kisumu

Shemeji yangu anaishi Kisumu, ana Probox, na betri zake hazimalizi muda. Siku nyingi alikuwa akinitania kwamba sisi wa Nakuru ndio wenye baridi, mbona zake ndizo zinazokufa. Nikamweleza alichoniambia fundi, na nilichokuja kuthibitisha baadaye: baridi huonyesha betri iliyochoka, lakini joto ndilo linaloichosha. Kisumu iko chini kwetu kwa zaidi ya mita 700, kando ya ziwa, na chini ya boneti ya gari linalosimama mchana kutwa Kondele ni tanuri. Maji hukauka, kutu ndani huenda kasi. Kanuni ya watu wa betri ni kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka hupunguza maisha yake karibu nusu. Kama yake ina vifuniko vinavyofunguka, achungulie maji mara kwa mara, aongeze maji ya betri yaliyokenekwa, si ya bomba.

"Sawa, shem. Na hii ya sasa imeshakwisha kabisa, nimeipima kama ulivyosema. Ikipigwa stata inashuka mpaka saba."

Nikamwambia airudishe dukani anakonunua mpya, aulize asidi inakwenda wapi, aombe kuona nyuma.

Kimya kidogo. "Shem, kuna jamaa hapa Kibuye ananipa mia sita zaidi ya duka."

Nikamsimulia yote: mtaro, povu, Owino Uhuru. Akanisikiliza mpaka mwisho, ni mtu wa heshima. Kisha akasema na huku kuna ziwa vilevile, tena la kwao ndiko maji ya kunywa yanakotoka, nimemshawishi kabisa, hana neno. Swali lake ni moja tu: hiyo mia sita, namtumia kwa namba hii anayopigia au ile nyingine?

Tukabishana. Mwishowe nikamtumia mia tatu, nyingine nikamwambia ni mchango wake mwenyewe. Jioni akanitumia picha ya risiti.